Nilipanda Chopa ya Eastlands, Mgongo Ukanisomesha

Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Nami leo nataka kuzungumza na wasomaji juu ya mvua iliyoninyea mwenyewe, tena katika umri ambao wenzangu wengi hawapandi ngazi bila ya kushika ukuta. Nimepanda pikipiki. Wala si pikipiki hizi za kawaida zinazotufikisha sokoni na msikitini, bali ile ambayo vijana wa mitaa ya Eastlands, mashariki ya jiji la Nairobi, huiita chopa. Tena chopa isiyokuwa na springi hata moja upande wa nyuma.

Najua baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu, hasa wazee wenzangu wa Mombasa, Malindi na Lamu, wataguna. Watasema bwana huyu ametumwa Nairobi kwa shughuli ya watu wazima, naye amerudi na habari za uhuni. Nawaomba subira. Mimi pia niliondoka Mombasa nikiwa na maneno hayo hayo mdomoni.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu ana mtoto wa kiume aliyekwenda Nairobi kutafuta riziki, akawa fundi wa pikipiki pale Kariobangi Light Industries. Siku moja dada akanijia analia. Alikuwa ameonyeshwa picha kwenye simu: mwanawe amekalia chuma kirefu mfano wa panzi, uma wa mbele umechomoza mbali, kiti kimeinama hadi karibu na tairi. "Kaka," aliniambia, "nenda kamwangalie mwanao. Pikipiki ya watu ameikatakata. Ama amerogwa, ama amevuta bangi." Kwetu mjomba ni mzazi, na mzazi akiitwa haitiki kwa simu. Nikapanda basi la usiku.

CHOPA NI NINI?

Neno lenyewe kwanza. Kwetu Kenya, mtu akisikia "chopa" hufikiri ni ndege ya panga inayowashusha wanasiasa viwanjani na kuwatimulia vumbi wananchi. Chopa ya pikipiki ni kitu kingine. Jina limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kukatakata. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana wa Marekani, hasa wa jimbo la California, walianza kuzinunua pikipiki kubwa zilizochakaa, wakazipunguza kila walichokiona ni mzigo: madigadi, taa za ziada, mikoba ya pembeni. Baadaye wakazidi. Wakaukata mwili wenyewe wa pikipiki, yaani fremu, wakaulaza uma wa mbele na kuurefusha.

Ama habari ya kukosa springi nyuma, huo haukuwa uzushi wao. Pikipiki nyingi za zamani zilikuwa hivyo, kwani zilitokana na baiskeli, na baiskeli ya kawaida haina springi. Kampuni ya Harley-Davidson ilianza kutia shokabzoba za mafuta kwenye uma wa mbele wa pikipiki zake kubwa mwaka 1949. Nyuma zilingoja hadi 1958. Watengenezaji wa chopa waliipenda ile fremu ya kale kwa sababu mstari wake ni mmoja, umenyooka kutoka kichwani hadi kwenye ekseli ya nyuma bila ya kukatika, kama mkuku wa jahazi. Na ajabu ya binadamu ni hii: mwaka 1984 kampuni hiyo hiyo ilitoa pikipiki ambayo shokabzoba zake za nyuma zimefichwa chini, ili mtu aonekane kama anayeumia na kumbe haumii!

Mwaka 1969 ilitoka filamu iliyoitwa Easy Rider, ikazitangaza chopa dunia nzima. Wacheza filamu Peter Fonda na Dennis Hopper wakapata sifa. Lakini wachache waliulizana ni nani aliyezikata na kuziunda zile pikipiki, ambazo asili yake zilikuwa pikipiki kuukuu za polisi zilizonunuliwa mnadani. Walikuwa Wamarekani weusi wawili: Cliff Vaughs, aliyesimamia kazi hiyo na ambaye pia alikuwa mpigania haki za watu weusi, na fundi Ben Hardy wa Los Angeles. Majina yao hayakuandikwa katika filamu. Ilichukua miongo mingi kabla watu kuanza kuyataja. Mwaka 2014 pikipiki iliyosemekana kuwa mojawapo ya zile iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja, na hata hapo palikuwa na ubishi kama ni yenyewe. Nawaomba wasomaji wakiweke kisa hiki moyoni. Nitakirudia.

KARIOBANGI

Nilimkuta mpwa wangu kwenye banda la mabati, amevaa miwani ya kuchomelea, cheche zinamruka kama fataki za Maulidi. Aliponiona alizima mashine, akapangusa mikono kwa tambara, akanipa mkono kwa adabu. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu. Mama yako anasema umerogwa." Akacheka, lakini macho hayakucheka.

Nilijifunza mambo mawili pale kabla hata ya kuletewa chai. La kwanza, pikipiki aliyoikata haikuwa ya watu wala haikuwa ya kazi. Ilikuwa mzoga. Wasomaji wanajua jinsi bodaboda zilivyojaa nchini tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo. Zimejaa barabarani, na kwa hiyo zimejaa pia katika mabanda ya vyuma chakavu. Kijana aliununua mwili wa pikipiki ya Kihindi ya saizi ya 150 iliyogongwa, kwa fedha zake, na kwa muda wa miezi minane akaiunda upya nyakati za usiku, baada ya kumaliza kazi za wateja.

La pili, hakuwa peke yake. Eastlands ni mahali ambapo chuma hakifi. Pale Kamukunji na Gikomba mapipa hugeuzwa masanduku, na mabati hugeuzwa karai. Matatu za Buruburu na Umoja hutiwa rangi, taa na nakshi hadi mtu akasahau kwamba ni basi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa mashuhuri juu ya Kenya, likasema kwamba watu hawa wa vibanda wanafanya kazi ya maana na kwamba wasisumbuliwe. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, ikaamuliwa wajengewe mabanda ya kuwakinga na jua, lile jua kali lililowapa jina. Basi ufundi wa kukata na kuunga ni mila ya mitaa hiyo. Chopa ni tawi jipya la mti mkongwe.

Akanionyesha alivyofanya. Pikipiki ya kawaida ina mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, nao hupanda na kushuka juu ya shokabzoba mbili. Yeye aliukata mkono ule, akazitupa shokabzoba, akachomelea mabomba manne yaliyounda pembetatu mbili, moja kila upande, na ekseli ya nyuma ikafungwa papo hapo kwenye mwili. Hakuna kinachopanda wala kushuka. "Sasa mjomba," alisema, "baina yako na barabara pana upepo wa tairi tu. Kingine hapana."

"Na springi hizi mbili zilizo chini ya kiti?"

"Hizo za kukufariji."

NILIVYOIPANDA

Ningeweza kutoa hukumu yangu pale pale na kurudi Mombasa. Lakini nilikumbuka ile methali ya mvua. Tena, nilipokuwa kijana nilipanda pikipiki miaka mingi baina ya Kisauni na mjini, kabla magoti hayajanikataza. Nikamwambia nitaipanda mwenyewe. Alikataa mara tatu kwa heshima. Mara ya nne akaniletea kofia ngumu.

Tulipatana iwe Jumapili alfajiri, barabara zingali tupu. Tukasali Pumwani, katika Msikiti wa Riyadha. Wasomaji wa pwani ambao hawajafika Pumwani na wafike, kwani ni kijiji cha Waislamu na wazungumzaji wa Kiswahili katikati ya jiji tangu miaka ya mwanzo ya 1920. Utakuta huko Barabara ya Digo, na ukiendelea Buruburu utakuta Barabara ya Rabai. Mtu wa pwani hawi mgeni kabisa. Baada ya sala nikasoma dua ya safari, nikakaa. Mpwa wangu alinifuata nyuma na pikipiki ya kawaida.

Jambo la kwanza ni jinsi ulivyo chini. Kwenye pikipiki ya kawaida unakaa juu yake kama juu ya punda. Kwenye chopa unakaa ndani yake, kama nahodha aliyeketi tezi, na chombo chote kiko mbele yako. Miguu hunyooshwa mbele. Mikono huinuka kufuata usukani. Injini ni ile ile ndogo ya bodaboda, lakini kwa kuwa imeshikamana na chuma kimoja na wewe, mdundo wake huuhisi katika meno.

Jambo la pili lilinishangaza. Tulipoingia Barabara ya Jogoo, ambayo zamani ikiitwa Doonholm, mahali palipo na lami nzuri, chombo kile kilikwenda kwa utulivu ambao sikuutazamia. Sababu yake ni ule urefu. Magurudumu yakiwa mbali na uma ukiwa umelala, pikipiki hupenda kwenda mbele moja kwa moja, haitetereki. Nilipita mbele ya Kaloleni na Makongeni, kisha Maringo na Jericho, jua linachomoza usoni pangu, upepo wa baridi wa Nairobi unapenya kanzuni. Nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa tu. Wallahi, nilijiona nina miaka ishirini. Nasema kweli ili nisije nikawadanganya vijana kwamba raha haipo. Raha ipo.

Kisha nikafika kwenye kona, na hapo raha ikaanza kudai bei yake. Kitu kinachopenda kwenda moja kwa moja hakipendi kugeuka. Pale mzunguko wa Donholm nilihitaji nafasi ya lori. Na tulipoiacha lami nzuri tukaingia ndani ya mitaa, ndipo nilipoanza kusomeshwa.

Kwenye pikipiki yenye springi, tuta ni habari unayoipata kwa mbali, kama barua. Kwenye chopa isiyo na springi, tuta ni kofi. Gurudumu la nyuma likigonga, linaruka juu, na wewe unaruka nalo. Kwa muda wa kupepesa jicho tairi haliko ardhini, na tairi lisilo ardhini halina breki wala halishiki njia. Mtu wa pikipiki ya kawaida akiona shimo husimama kwenye vikanyagio, magoti yakawa ndiyo springi zake. Lakini chopa imeweka miguu yako mbele, huwezi kusimama. Uzito wote wa mwili unakaa juu ya mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Kilichobaki ni kujivuta kwa mikono uinuke kidogo kabla ya pigo, na ukichelewa umechelewa.

Basi nikajifunza kuisoma barabara. Nikajua kiraka kipya na kiraka cha zamani kwa maumivu yake. Nikajua mahali mfereji ulipoziba na maji yakaila lami, mahali walipochimba kupitisha mabomba wakafukia kwa udongo bila kushindilia, mahali mwenye duka alipojiwekea tuta lake binafsi. Nilifikiri juu ya waheshimiwa wanaopita mitaani humo ndani ya magari makubwa yenye springi laini na vioo vyeusi. Hawasemi uwongo wanaposema barabara ni nzuri. Viti vyao vimewaambia hivyo. Laiti kila mwenye kutia sahihi kwamba barabara imekamilika angelazimishwa kuipanda chopa hii mara moja tu, kutoka Umoja hadi Dandora, kabla ya kumlipa mkandarasi.

MLIO

Tulikuwa tumeshakaribia Kariobangi, nimelivuka tuta la mwisho vibaya, niliposikia mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa kikombe kilichogongwa kwa kijiko. Injini iliendelea, pikipiki iliendelea, mpwa wangu hakusikia kitu. Lakini nilipofika gerejini nilimwambia, chombo chako kimesema neno.

Akakagua, hakuona kasoro. Akataka kuipuuza. Katika banda la jirani alikuwako mzee mmoja wa kuchomelea, mtu wa maneno machache. Alikuja na kopo la mafuta ya taa na kipande cha chaki. Akaipaka mafuta ile sehemu ambapo bomba jipya la nyuma limeungana na mwili wa zamani, akangoja kiasi cha kumaliza kikombe cha chai, akaipangusa ikawa kavu kabisa. Kisha akasaga chaki, akaipakaza juu. Tukatazama. Katika ule unga mweupe pakajichora polepole mstari mwembamba wa unyevu, kama unywele, umezunguka nusu ya bomba. Mafuta yaliyokuwa yameingia ndani ya ufa yalikuwa yanatoka.

Mzee hakumgombeza. Alimweleza tu. Bomba la zamani ni jembamba na jipya ni nene. Moto uliyeyusha moja na la pili ukaligusa juujuu. Kiungo kilionekana kizuri kwa macho kwa sababu kilisuguliwa na kupakwa rangi. Ilipasa kwanza kutiwa kipande cha chuma ndani, kinachoingia katika mabomba yote mawili kama kidole katika pete mbili, kisha ndipo kuchomelea. Katika pikipiki ya kawaida kosa kama lile pengine lingekaa miaka, kwani pigo humezwa na springi. Katika hii, kila pigo la barabara linakwenda kwenye kiungo kile kile.

Mpwa wangu alikaa chini juu ya tairi kuukuu. Alinyamaza muda mrefu. Hatimaye aliniambia jambo ambalo hakumwambia mama yake: alikuwa amemwahidi ndugu yake mdogo, mtoto wa miaka kumi, kwamba atampachikia kiti cha nyuma na kumzungusha mtaani siku ya Idd. Siku zilikuwa zimebakia tisa.

Sikuwa na la kumwambia. Alisimama mwenyewe, akachukua mashine ya kukatia, akaukata mkia wote wa pikipiki aliyoiunda kwa miezi minane. Mzee alimshikia.

MTEPE NA MSUMARI

Usiku ule nililala chali, kwani ubavu na mgongo vyote vilikataa, nikawakumbuka wazee wetu waunda vyombo. Kabla ya jahazi la misumari, visiwa vya Lamu vilikuwa na mtepe. Chombo kile hakikuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Vyombo vya kushonwa katika pwani yetu vimetajwa na baharia wa Kiyunani yapata miaka elfu mbili iliyopita. Wageni waliuona mtepe wakacheka, wakasema unavuja. Ni kweli ulihitaji kufutwa maji. Lakini ulipogusa mwamba au ulipoburutwa mchangani, mbao zilitoa nafasi, zikarudi. Ulijua kuinama.

Chopa isiyo na springi ni kinyume cha mtepe. Haijui kuinama. Kwa hiyo kila kiungo chake lazima kiwe cha kweli, maana hakuna kitakachokisitiri. Na hili ndilo ninalotaka kulisema leo kwa wote wanaohusika.

Kwanza, kwa sisi wazee. Tumezoea kumwona kijana anayeunda kitu tusichokijua tukamwita mhuni. Dada yangu aliona picha akalia. Mimi nilipanda basi na hukumu tayari mfukoni. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza ni usiku mangapi kijana yule alikesha, wala ni nani anayemkagulia kazi yake. Lawama haikuuona ule ufa. Sifa pia haikuuona, kwani rafiki zake waliokuwa wakimpigia makofi na kumpiga picha hawakuwahi kumletea chaki. Aliyemfaa ni mzee aliyevuka kutoka banda la pili na kopo la mafuta ya taa.

Pili, kwa wenye mamlaka. Tunayo taasisi ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda inayotoa mitihani ya ufundi, ukiwamo ufundi wa kuchomelea, ambayo hata asiyepita darasani anaweza kuifanya. Basi mitihani hiyo na ipelekwe Kariobangi, Kamukunji na Gikomba, chini ya mabati yenyewe, kwa ada ambayo kijana wa jua kali anaimudu, badala ya kumngoja aache kazi ya siku moja na kupoteza mkate wa watoto. Kadhalika na pawepo mahali penye mtu mwenye ujuzi, ambapo pikipiki iliyokatwa na kuungwa itakaguliwa kwa haki, ipewe cheti au ikataliwe. Kumkamata kijana njiani, kumtoa kitu kidogo na kumwachia aende na ufa wake si ukaguzi.

Tatu, kwa vijana. Sheria inataka dereva na abiria wavae kofia ngumu na jaketi la kung'ara; hilo ni la chini kabisa. Mimi naongeza: chopa isiyo na springi ni chombo cha mtu mmoja. Mwili ni amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu, na ukitaka kuutia mgongo wako katika mizani kwa mapenzi ya chuma, hesabu hiyo utaitoa wewe. Lakini mwili wa ndugu yako mdogo si wako. Pima viungo kwa mafuta na chaki, pima tena kila baada ya safari, na rangi iwe jambo la mwisho.

Na nne, kwetu sisi tunaoandika. Nilisema nitamrudia Ben Hardy. Alikata na kuchomelea, dunia ikapiga makofi kwa wengine. Nasi tunazo picha nyingi za nakshi za Eastlands, za matatu na sasa za pikipiki, na chini yake pameandikwa jina la mwenye gari au la mwimbaji aliyeegemea mlango. Magazeti yetu na yawaulize mafundi majina yao, na wakiridhia yachapwe. Mtu ambaye jina lake liko kwenye kiungo hukiangalia kiungo mara mbili.

Nilirudi Mombasa siku ya Jumanne. Dada alinipokea mlangoni kabla sijaweka mkoba chini. "Je, amerogwa?"

Nikamwambia: "Hakurogwa, dada. Ana kazi mikononi, na ana mwalimu kwenye banda la jirani. Ila kiungo kimoja kilikuwa kibovu, naye amekikata mwenyewe."

"Na pikipiki?"

"Anaiunda upya."

Alikaa kitambo, kisha akaniuliza mbona natembea hivyo, kama mwenye kubeba gunia. Nikamwambia nimeuliza swali kwa mgongo, nao bado unanijibu.

Siku ya Idd chopa ilikuwa bado haina mkia. Mtoto alizungushwa mtaani kwa pikipiki ya kawaida, yenye springi, amevaa kanzu mpya na kofia ngumu iliyomzidi kichwa. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vikiundwa, vipimwe.